Mwongozo kamili: namna ya kuandika barua ya kuulizia manowari au nyambizi hadi ijibiwe

Kwa sisi tunaoshika barua za klabu ya historia ya manowari na nyambizi hapa Dar es Salaam, malalamiko ni yale yale: "Niliandika, sikujibiwa." Ukiisoma barua yenyewe, sababu unaiona kabla hujafika chini ya ukurasa. Mtu ameomba "historia yote ya meli ya Mjerumani iliyozama Rufiji". Mwingine anataka "taarifa za nyambizi zilizokuwa Bahari ya Hindi wakati wa vita". Anayeipokea ni mtu mwenye kazi na familia, ana rafu ya vitabu na Jumamosi jioni. Anaiweka pembeni aijibu vizuri siku akitulia, na siku hiyo haifiki.

Barua inayojibiwa ni ile inayomwezesha mpokeaji kuinuka, kufungua kitabu kimoja au faili moja, na kurudi na jibu. Hatua zote hapa chini zinalenga hapo. Zinafaa kwa barua ya posta, barua pepe na hata WhatsApp, ingawa kuhusu WhatsApp nina la kusema mbele.

## Mahitaji

Kusanya hivi kabla hujaandika hata salamu:

- Daftari moja la kudumu la barua zako, si karatasi za kuokoteza.
- Penseli laini kwa ajili ya kuandika nyuma ya picha.
- Nakala za karatasi na picha ulizonazo. Asili inabaki nyumbani.
- Bahasha ya kaki ya ukubwa wa A4 na kadibodi ya kuzuia picha isikunjike.
- Simu yenye kamera nzuri, na meza iliyo karibu na dirisha.
- Ramani au atlasi yenye mistari ya latitudo na longitudo.
- Anwani yako kamili: S.L.P., simu, na barua pepe unayoifungua kweli.

Usinunue vitabu kwanza. Wanachama wengi hununua kitabu kikubwa cha picha za manowari, wakakuta hakina meli wanayoitafuta.

## Hatua ya 1: Itambulishe meli isichanganywe na nyingine

Hapa ndipo barua nyingi zinapofia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Majina ya manowari hurithishwa. Chukua Königsberg, manowari ya Wajerumani ambayo kila mtu wa pwani hii amewahi kuisikia. Ile ya Rufiji ilishushwa majini 1905. Wajerumani wakashusha Königsberg nyingine 1915, na ya tatu 1927, ambayo ndege za Waingereza ziliizamisha Bergen, Norwei, tarehe 10 Aprili 1940. Ukiandika "naomba picha ya Königsberg" kwa mtu wa Ulaya, kuna uwezekano mkubwa akakutumia ya Bergen. Utaipokea kwa furaha, utaiweka kwenye fremu, na itakuwa si yenyewe.

Pegasus, manowari ya Waingereza, nayo hivyo hivyo. Ile iliyopigwa na Königsberg bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa meli ya mwaka 1897. Baada yake Waingereza walikuwa na Pegasus ya kubeba ndege kwenye vita vile vile, na mwaka 1934 meli nyingine, iliyokuwa ikiitwa Ark Royal, ikapewa jina la Pegasus.

Kwa nyambizi hali ni mbaya zaidi, maana za Ujerumani nyingi hazina jina, zina namba, na namba zilianza upya vita vya pili vilipokuja. U-9 ya vita vya kwanza ndiyo iliyozamisha manowari tatu za Waingereza asubuhi moja, 22 Septemba 1914: Aboukir, Hogue na Cressy. U-9 ya vita vya pili ni chombo kidogo tofauti kabisa, na maisha yake yaliishia Bahari Nyeusi mwaka 1944. Barua inayosema "U-9" bila mwaka ni barua ya vyombo viwili.

Kuna pia meli zilizobadilishwa jina. Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Ikasafirishwa vipande vipande hadi Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, na kuunganishwa huko. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiinua 1924, na jina la Liemba lilianza 1927. Ukitafuta "Liemba" kwenye karatasi za 1915 hutaona kitu, halafu utasema nyaraka zimepotea.

Na tahajia. Herufi zenye nukta mbili huandikwa kwa namna zaidi ya moja: Königsberg, Koenigsberg, Konigsberg, Götzen, Goetzen. Karatasi za Kijerumani zinaandika Daressalam, Sansibar na Rufidschi. Orodhesha tahajia zote pembeni ya daftari, maana msaidizi wako atazihitaji akianza kutafuta.

Sasa andika mstari mmoja wenye mambo matano: jina au namba, nchi, aina ya chombo, mwaka wa kushushwa majini, na mwisho wake kama unaujua. Kwa mfano:

*Königsberg, kruza nyepesi ya Ujerumani, ilishushwa majini 1905, iliharibiwa katika delta ya Rufiji 11 Julai 1915.*

Tahadhari: usiitambue meli kwa picha peke yake. Manowari za tabaka moja, yaani zilizojengwa kwa mchoro mmoja, hufanana kama sare za shule, na wauza postikadi wa zamani walikuwa wakibandika jina lolote linalouzika.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyejua chochote kuhusu meli anaweza kuutafuta mstari wako akapata chombo kimoja tu.

## Hatua ya 2: Tenga ulichosikia, ulichosoma na unachokisia

Chora safu tatu kwenye daftari: NIMESIKIA, NIMESOMA, NAKISIA. Kila unachokijua kiingie safu mojawapo. Hakuna kukaa katikati.

Sababu yake ni hii. Mpokeaji akiona sentensi kama "mzinga wa Königsberg ulipelekwa Mombasa", hajui aanze kuuthibitisha au auchukue kama ulivyo. Ukimwambia umeusoma, atauliza wapi. Ukimwambia umesikia kwa mjomba, atakwenda kuutafuta. Kwa bahati huu ni wa kweli: mizinga 10 ya sentimita 10.5 ilitolewa kwenye meli ikatumika vitani nchi kavu, na mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Lakini wapo watu wanaodai kuujua mzinga wa Königsberg karibu kila mji wenye mzinga wa zamani.

Kwenye NIMESOMA andika jina la kitabu, toleo na ukurasa. "Nilisoma mtandaoni" iandikwe kwenye NIMESIKIA. Najua wengine mtanuna.

Usimsahihishe mzee wa ukoo unapoandika maneno yake. Tuseme babu yenu mmoja amesimulia kwamba meli yake ilipigwa topido (kombora la chini ya maji) usiku, na wewe umesoma kwamba meli unayoidhania ilizama mchana. Andika "usiku" kwenye NIMESIKIA kama alivyosema. Huenda kumbukumbu imeteleza, au huenda alikuwa kwenye meli nyingine kabisa. Ukimrekebisha kimya kimya, umefuta alama pekee ambayo ingemwonyesha msaidizi kwamba mnatafuta meli isiyo yake.

Umefaulu ikiwa: safu ya NAKISIA ina kitu. Isipokuwa na kitu, umeficha makisio yako kwenye safu nyingine.

## Hatua ya 3: Rekebisha tarehe, saa, mahali na vipimo

### Saa

Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, na wenzetu wa nje kuanzia usiku wa manane. Königsberg iliifyatulia Pegasus alfajiri, saa 11 na dakika chache kwa hesabu yetu. Ukimwandikia mtu wa Portsmouth, Uingereza, "saa 11", anaelewa karibu na adhuhuri, na hadithi yote inaharibika, maana siri ya shambulio lile ni kwamba lilikuja watu wakiwa bado hawajaamka vizuri. Tumia tarakimu nne: 05:10, 14:30, 20:25. Halafu ongeza maneno mawili: "saa za hapa", "saa za Greenwich", au "sijui saa za wapi".

Hayo ya mwisho si aibu. Nyambizi za Japani zilikuwa zikifuata saa za Tokyo popote zilipo, na Tokyo iko mbele yetu kwa saa 6. Ndiyo maana tarehe zinaruka. Shambulio la nyambizi ndogo za Kijapani bandarini Diego Suarez, Madagaska, lililoijeruhi manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty, lilikuwa usiku wa 30 Mei 1942. Tokyo ilikuwa tayari 31 Mei. Ukikuta vitabu viwili vinapishana kwa siku moja, usikimbilie kusema kimoja kinadanganya. Nyambizi za Ujerumani nazo zilikuwa zikishika saa za Ujerumani hata zikiwa upande huu wa dunia.

### Tarehe

Andika mwezi kwa jina. "6/7/1915" kwa Mmarekani ni tarehe 7 Juni. Manowari ndogo za Waingereza, Severn na Mersey, ziliishambulia Königsberg mara mbili, 6 Julai na 11 Julai 1915, kwa hiyo kosa la aina hii linaweza kukuhamishia pambano zima mwezi mwingine.

### Mahali

Digrii na dakika si desimali. Mabaki ya Königsberg yako karibu na latitudo 7°51′ kusini, longitudo 39°15′ mashariki. Ukiandika kwa desimali ni 7.85, si 7.51. Tofauti hiyo inakuhamisha zaidi ya kilomita 30, na katika delta ile, kilomita 30 ni mito mingine kabisa na mikoko mingine.

Na usisahau kusini. Andika 7°51′ bila "Kusini", mtu wa kaskazini akaipeleka upande wake wa dunia, na meli inajikuta kwenye milima ya Ethiopia.

### Vipimo

Kuna vinne vinavyoleta ugomvi klabuni kila mwezi:

- Tani. Za manowari hupima uzito wa maji yanayosukumwa na chombo. Tani za meli za biashara mara nyingi ni za ujazo: tani moja ya rejista ni futi za ujazo 100, yaani karibu mita za ujazo 2.83. Haziwezi kulinganishwa.
- Tani za nyambizi. Ziko mbili, ikiwa juu ya maji na ikiwa imezama. Nyambizi ya Ujerumani ya aina ya VIIC ilikuwa na tani 769 juu na 871 chini. Ukitaja moja, sema ipi.
- Maili. Ya baharini ni mita 1,852. Ya barabarani ni fupi zaidi, takriban mita 1,609.
- Pima. Hiki wavuvi wetu wanakijua kuliko sisi. Pima moja ya ramani za Waingereza ni mita 1.83. Ramani za zamani huandika kina kwa pima bila kusema, na ukizidhania mita, utampeleka mzamiaji kwenye kina ambacho hakukitegemea.

Umefaulu ikiwa: kila namba kwenye rasimu yako ina kipimo chake mbele yake.

## Hatua ya 4: Uliza swali moja

Moja tu. Si moja lenye (a) mpaka (f).

Maswali ya *ipi, nani, lini, wapi* na *ngapi* hujibika. Swali la *kwa nini* lina ubishi wa watu kumi, nalo *vipi* linataka sura nzima ya kitabu. Hayo tunayaweka kwa mkutano, yakiwa na chai na vitumbua.

Badala ya "Wajapani walifanya nini Afrika Mashariki?", uliza: "Nyambizi ndogo zilizoingia Diego Suarez 30 Mei 1942 zilitoka kwenye nyambizi kubwa zipi?" Mtu mwenye kitabu sahihi anakujibu kabla maji ya chai hayajachemka: I-16 na I-20. I-18 nayo ilikuwa imebeba yake, lakini ilikuja na hitilafu na haikuitoa.

Badala ya "Naomba habari za nyambizi iliyokwama Somalia", uliza: "U-852 ilipanda fungu pwani ya Somalia Mei 1944, je, nahodha wake Heinz-Wilhelm Eck alikamatwa hapo hapo au baadaye?" Umeonyesha unajua nini, na umeacha pengo moja la kujazwa. Watu hupenda kujaza pengo.

Tahadhari: swali ambalo jibu lake linapatikana kwa dakika moja kwenye kitabu chochote humchosha mjuzi. Jaribu kwanza mwenyewe, kisha taja ulikojaribu.

## Hatua ya 5: Mchague wa kumwandikia

Usitume barua moja kwa wanachama wote. Kila mmoja atadhani mwenzake amejibu.

Muulize katibu nani ana nini. Mmoja ana orodha za meli, mwingine ni fundi wa zamani bandarini anayejua injini, mwingine anafuatilia makaburi. Kwa nje ya klabu, jua kila nyumba imehifadhi nini. Nyaraka za Taifa, Upanga, wana mafaili ya serikali ya Wajerumani na ya Waingereza. Kwa mambo ya Unguja, nyaraka ziko Kilimani. Madaftari ya safari za manowari za Kiingereza hayako Upanga. Yako kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, kundi la ADM 53 kwa meli za juu na ADM 173 kwa nyambizi. Ya jeshi la wanamaji la Ujerumani yako Freiburg, Ujerumani.

Kwa hiyo mtu anayekwenda Upanga kuuliza daftari la Pegasus anamwonea bure yule dada wa mapokezi.

Nje ya nchi, uliza kwanza gharama ya nakala. Ofisi nyingi zitakujibu swali la "faili hili lipo?" bure, na zitakutoza kwa kurasa.

## Hatua ya 6: Andika barua yenyewe

Tumefundishwa shuleni kuanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kwa barua ya halmashauri, sawa. Mwanachama mwenzio hana haja nayo. Lakini YAH iache, maana ndiyo inayomwezesha kuipata barua yako miezi mitatu baadaye.

Salamu iendane na mtu. Mzee unamwamkia hata kwenye karatasi. Barua isiyo na shikamoo kwa mtu wa miaka 75 inaanza vibaya. Usiyemjua umri mwite Ndugu. Usimwite mtu Kapteni kwa kuwa umesikia wanamwita hivyo kijiweni.

Huu ni mfano kuhusu SS Khedive Ismail, meli iliyokuwa ikibeba askari kutoka Mombasa kwenda Colombo. Nimeichagua kwa sababu familia nyingi za Afrika Mashariki zina mtu aliyepotea humo bila kujua jina la meli.

> S.L.P. (namba yako)
> Dar es Salaam
> (Tarehe)
>
> Shikamoo Mzee,
>
> YAH: SS KHEDIVE ISMAIL, ILIYOZAMA 12 FEBRUARI 1944: JINA LA ASKARI MMOJA
>
> Mimi ni mwanachama, naishi Temeke. Katibu amenielekeza kwako kwa kuwa umefuatilia majina ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.
>
> *Nimesoma:* meli ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi mchana wa 12 Februari 1944, na ilibeba Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki.
>
> *Nimesikia:* bibi alisema kaka yake alikuwa "mtu wa mizinga", aliandika barua ya mwisho kutoka Mombasa, na hakurudi. Bibi hakuwahi kutaja jina la meli.
>
> *Nakisia:* kwamba meli ni hiyo.
>
> Swali langu: je, jina lake limo kwenye orodha ya Mnara wa Afrika Mashariki, Nairobi, chini ya kikosi hicho? Jina la kwanza ni Athumani. Jina la baba na tahajia nyingine nimeziandika kwenye karatasi iliyoambatishwa.
>
> Nimetafuta kwa "Athumani" kwenye orodha ya mtandaoni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Sijatafuta kwa tahajia nyingine.
>
> Nakala ya barua yake ya mwisho nimeiambatisha, kurasa 2. Huna haja ya kuirudisha.
>
> Wako,
> (Jina, simu)

Tazama kinachofanya kazi humo. Bibi hakutaja meli, na mwandishi amekiri hivyo. Hiyo sentensi moja inamwambia mzee asiishie kwenye Khedive Ismail. Anaweza kuanza na tarehe ya barua ya Mombasa. Meli iliondoka Kilindini, bandari ya Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944. Ikiwa barua ya mwisho ina tarehe ya Machi, kisio limevunjika papo hapo, na hilo pia ni jibu.

Kuhusu majina: karani wa jeshi aliandika alichosikia. Athumani anaweza kuwa Asumani, Othman, Osman au Asmani, na jina la baba likafuata alama ya "s/o", yaani mtoto wa. Ukiwa na namba ya jeshi, iweke mstari wa kwanza, maana namba haina lafudhi.

Jambo moja la adabu. Watu 1,297 walikufa kwenye meli ile, na ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Anayeuliza ana msiba, hata kama ni wa miaka 80. Mwanachama anayejibu barua ya aina hii asianze na aina ya topido.

Umefaulu ikiwa: barua haizidi ukurasa mmoja, na mtu mwingine nyumbani akiisoma anaweza kukwambia swali ni lipi.

## Hatua ya 7: Viambatisho

Piga picha ya karatasi ikiwa imelala mezani, mwanga wa dirisha ukitoka pembeni, simu ikiwa juu sawasawa. Zima flashi. Piga na upande wa nyuma hata kama unaonekana mtupu; mhuri wa posta au jina la mpiga picha huwa huko.

Weka kipande cha rula kwenye ukingo ili ukubwa ujulikane. Faili lipe jina linaloeleweka: *KhediveIsmail_barua_uk1*, si *IMG_20394*.

Nyuma ya picha ya asili andika kwa penseli, taratibu, kwenye ukingo. Kalamu ya wino hupenya, na kwa joto letu huhamia kwenye picha inayofuata.

Usipeleke asili kulaminishwa. Kila steshenari ya Kariakoo itakufanyia kwa moyo mweupe, na hakuna atakayeweza kuitoa tena. Ondoa na pini za stepla. Kwa chumvi ya hewa ya hapa, zinaota kutu na kutoboa karatasi.

Usipige picha za bandari, vivuko vya Magogoni na Kigamboni, wala vyombo vya wanamaji wetu ili "kulinganisha na zamani". Kambi na vyombo vya jeshi havipigwi picha bila kibali. Utaeleza historia ya 1914 kwa askari asiye na haraka. Na ukikutana na kitu chenye umbo la kombora ufukweni au mikokoni, usikiguse, usikichokonoe upate picha nzuri. Ondoka, toa taarifa polisi.

## Hatua ya 8: Tuma

Ya posta, ikiwa ina picha, itume kwa rejista na utunze risiti. Barua pepe: kichwa kiwe ile YAH yako, na viambatisho visizidi vitatu.

WhatsApp sasa. Haifai kwa swali la kwanza. Swali linamezwa na salamu, salamu zinamezwa na picha za maua za asubuhi njema, na baada ya siku mbili hakuna anayelipata. Ujumbe wa sauti wa dakika nane ndio mbaya kuliko vyote: hauwezi kuwekwa kwenye faili, na tahajia ya jina la meli haisikiki. Itumie kwa kumjulisha mtu kwamba barua imetumwa.

Usiweke kwenye kundi karatasi yenye namba ya jeshi au majina ya warithi walio hai. Ikishasambazwa, hairudi.

## Hatua ya 9: Subiri, kisha kumbusha mara moja

Andika kwenye daftari: tarehe, nani, swali, umeambatisha nini. Mwanachama wa hapa mjini mpe wiki tatu. Ofisi ya nje mpe miezi miwili.

Kumbusho liwe sentensi mbili na nakala ya barua ya kwanza ndani yake. Usiandike "sijapata jibu lako mpaka leo" kwa mzee, andika "naomba kujua kama barua ya tarehe fulani ilifika." Posta ina makosa yake, na huo mlango unamfaa yeye pia.

Likipita kimya, badilisha mtu. Usimpigie simu usiku.

## Hatua ya 10: Jibu likija

Mjibu siku hiyo hiyo kwamba limefika, hata kama hujalisoma vizuri. Aliyefungua vitabu vyake kwa ajili yako akikaa muda mrefu bila kupata asante, mwenzio wa baadaye ndiye atakayekosa jibu.

Liandike jibu kwenye safu ya NIMESOMA likiwa na chanzo alichokitaja. Hakutaja chanzo? Liende NIMESIKIA, na muulize kwa upole alikoona. Wajuzi nao hukosea, na mjuzi mzuri hachukii kuulizwa ukurasa.

Jibu likipingana na ulichonacho, usichague upande bado. Rudi Hatua ya 3 kwanza: saa za wapi, tani zipi, Pegasus ipi. Migongano mingi huishia hapo. Inayobaki ndiyo ya kuandikia barua nyingine, kwa mtu mwingine, nayo ikiwa na swali moja.

Jibu likiwa "hakuna kwenye orodha hii", liandike nalo kikamilifu: orodha ipi, ilitafutwa kwa tahajia zipi, na nani. Mpe katibu nakala, ili mwanachama mwingine mwenye babu wa mizinga asiipitie orodha ile ile kwa majina yale yale.